Mkono Usiotetemeka

Mwezi wa tano, tarehe 5. Jua kali.

Tumekata pakanga kutwa nzima, mimi na wifi yangu Yeonsil. Pakanga ya leo ina nguvu kuliko ya siku nyingine yoyote ya mwaka, na Baba hataki nyingine ya kuwachomea wagonjwa wake, vidonge vya majani yake makavu vikiwashwa juu ya ngozi. Yeonsil anakata kama anayefyeka nyasi za ng'ombe, mabua na majani pamoja. Nilitaka kumwambia, lakini leo roho iko mdomoni.

Hiyo ni elimu ya Baba. Kila siku ya mwezi roho ya mtu huhamia mahali pengine mwilini, na pale ilipo hapachomwi sindano. Tarehe moja iko kwenye kidole gumba cha mguu, tarehe sita iko mkononi, tarehe ishirini na saba iko gotini. Tarehe kumi na tano, mwezi ukijaa, inaenea mwili mzima, na Baba hamgusi mtu. Anakwenda zake kuvua samaki. Nimeyajua haya tangu utotoni, kwa sababu nilikuwa nikilala nyuma ya mlango wa karatasi wa chumba chake cha kazi. Hakuna aliyenifundisha.

Mwezi wa tano, tarehe 22. Mawingu.

Macho ya Baba yamezidi ukungu. Jana alipapasa mguu wa jirani yetu Mama Gurye mpaka mwenyewe akasema, "Mzee Bang, goti langu hata kipofu wa soko la Namwon anajua lilipo, kwa jinsi ninavyolilalamikia!" Tulicheka sote. Baba hakucheka.

Leo baada ya kula akatuita barazani. "Wakati wa kufundisha umefika," akasema. Moyo wangu uliruka. Mimi ndiye ninayechemsha sindano zake, mimi ndiye ninayesokota vidonge vya pakanga, tangu vita viliponimezea mume, kisha wakwe zangu wakaniambia hawana chakula cha mtu asiye na mtoto. Nikakaa sawa, nikashusha macho kama inavyopasa.

"Taesik ni mwanangu wa kiume wa pekee," akaendelea, "lakini akiona sindano anazimia. Ndiyo maana amekimbilia kwenye machimbo ya makaa. Basi nitamfundisha mke wake." Akamgeukia Yeonsil. "Mwanangu, kesho asubuhi uje."

Mwanangu! Mimi ananiita Bunrye.

Najua desturi. Huku kwetu hata mchuzi wa soya wa nyumba anaachiwa mkwe, binti haonyeshwi siri yake, maana binti atakwenda nayo kwa watu. Sawa. Lakini mimi nilishakwenda kwa watu na watu wamenirudisha! Hiyo sindano nitaipeleka wapi tena?

Tarehe 23.

Sikulala.

Mwezi wa sita, tarehe 2. Mvua imeanza.

Nimesikiliza somo lao nikijifanya natoa viwavi kwenye kabichi zilizo chini ya dirisha. Nimelowa chapachapa.

Baba alikuwa anamweleza habari za yule mtawa wa zamani, aliyekaa miaka kwenye pango la jiwe mpaka watu wakamwita kwa jina la pango, na jina lake halisi hadi leo hakuna anayelijua kwa hakika. Yeye ndiye aliyeacha njia ya sindano nne. Wengine wanachoma pale panapouma. Yeye alisema panapouma paachwe, kwa sababu mwili ni ukoo. Ini ni mti, moyo ni moto, wengu ni udongo, mapafu ni chuma, figo ni maji. Maji yanauzaa mti, mti unauzaa moto, moto unauzaa udongo, na kuendelea hivyo hivyo.

"Kiungo kikidhoofika, unafanyaje?" Baba akauliza.

"Nakichoma, Baba?"

"Unamlisha mama yake! Sindano mbili kwa mama, mbili za kumzuia adui. Na kikizidi nguvu?"

"Nampunguza... mwanawe?"

"Mwanawe. Vizuri sana."

Vizuri sana! Mtoto wa miaka saba angejibu hilo. Nilisimama kwenye tope nikajiuliza kuhusu mwili wangu mwenyewe. Hasira hukaa kwenye ini, na ini langu limezidi, sihitaji mganga kuniambia. Lakini mama yangu alikufa majira ya baridi ya vita, mimi nikiwa mbali kwa wakwe, na mwana sikujaliwa. Nilishwe wapi, nipunguzwe wapi?

Tarehe 6. Mvua.

Viazi. Mvua. Donge kooni, haliendi chini wala halitoki.

Tarehe 9. Mvua kubwa.

Leo Yeonsil alihitaji mwili wa kujifunzia. Ameshajichoma miguu yake mwenyewe mpaka ina madoa kama ngozi ya chura, na Baba akasema inatosha.

"Mchome wifi yako."

Nikanyoosha mguu. Ningekataa vipi? Yeonsil alipapasa chini ya goti, akapima kwa vidole vinne vilivyolala, akaweka ncha. Baba aliinama karibu, sikio mbele kuliko jicho. "Usisukume. Ngoja. Sindano ikishikwa utasikia, ni kama samaki anapoonja chambo."

Akaingiza. Mkono haukutikisika hata kidogo. Alinichoma kama anayechoma boga. Na mimi nikasikia ule mvuto mzito ukishuka mpaka kwenye nyayo, ule ule ambao wagonjwa wamekuwa wakiusimulia miaka yote.

"Mvuto umeshika?" Baba akaniuliza.

Nilitaka kusema haujashika. "Umeshika," nikasema.

"Mkono mzuri huo," akasema Baba. Akalisema tena wakati wa chakula, mdomo umejaa figili.

Usiku nilitoboa boga kwa sindano ya kushonea, jikoni, peke yangu. Boga halisemi kama umeshika au haujashika.

Tarehe 15. Mvua, kisha jua kidogo.

Baba kaenda kuvua. Karudi na kambare wawili na furaha tele. Mama Gurye anasema roho ya mwili mzima aliibuni mtu mwenye ndoano.

Tarehe 27. Mvua.

Nataka kuandika hili kama lilivyokuwa.

Baba alikuwa mjini. Mama Gurye akaja anachechemea, goti limevimba kwa unyevu, akamwomba Yeonsil amtazame. Mimi nilikuwa barazani nageuza pakanga. Nilimwona akitoa sindano. Nilimwona akihesabu vidole, akachanganya, akaanza upya. Kwao walitumia kalenda ya serikali, hajazoea kuhesabu kwa mwezi wa angani. Leo roho iko gotini.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifungua hata mdomo. Kisha nikamwona Mama Gurye anamtazama yule msichana kwa macho ya kumwamini, macho ambayo kwa miaka yote ya kuchemsha sindano hakuna mgonjwa aliyewahi kunitazama nayo, nikafunga mdomo nikaendelea kugeuza majani.

Akamchoma goti.

Tarehe 28.

Mama Gurye amepita mbio akiswaga bata. Hajachechemea tangu jana. Nilisikia uchungu, na nikajionea aibu kwa kuusikia, lakini uchungu ulitangulia.

Tarehe 29. Mvua.

Baba amejua, maana Mama Gurye hawezi kunyamaza hata akiwa amepona. Alimfokea Yeonsil mpaka kuku wakakimbia. "Ilikuwa tarehe ngapi? Tarehe ngapi! Unataka watu waseme nyumba ya Bang inachoma kama washona magunia?" Yeonsil alipiga magoti, paji la uso chini.

Kisha Baba akageuza ule ukungu wa macho upande wangu. "Na wewe? Bunrye anazijua siku. Ulikuwa wapi?"

"Wifi alikuwa mtoni anafua, Baba," akasema Yeonsil, paji bado liko sakafuni. "Hakuwepo."

Alijua nilikuwepo. Tulikuwa tumetazamana. Sijui kwa nini ameniokoa, na sipendi kuwa na deni kwake. Mtu ukimchukia anatakiwa naye afanye sehemu yake.

Mwezi wa sita wa pili, tarehe 3. Mvua nyepesi.

Mwaka huu una mwezi wa ziada. Mwezi usio na mwenyewe, mizimu inaufumbia macho, ndiyo maana kila nyumba yenye mzee inashona sanda, vazi zima lenye mikono. Ukiishona mwezi huu, mwenyewe anaongezewa umri. Baba amenunua kitambaa kizuri cha katani mjini, akakiweka mapajani mwangu.

"Hii ni kazi ya binti," akasema kwa upole.

Basi nimepewa sindano na mimi. Yeonsil ya kuwaponya walio hai, mimi ya kumvika atakayekufa. Nikasema asante.

Tarehe 8. Mvua.

Yeonsil akaja kukaa karibu nami na kibweta chake. "Wifi, nipe basi hata mkono mmoja wa nguo nikusaidie."

"Sanda ya baba yangu naishona mwenyewe."

"Ni baba yangu pia."

"Baba yako yuko Jangsu anafuga nyuki."

Akacheka kidogo, akaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, sikujiandaa kwa kicheko. Nilikosea mshono, nikaufumua wote, kwa sababu kwenye sanda uzi haupigwi fundo wala mshono haurudi nyuma. Aendaye hatakiwi kukwama njiani.

Tarehe 15.

Naandika asubuhi ya tarehe 16, mikono ikiwa imetulia.

Jana Baba alikwenda kuvua kama kawaida. Mvua ikamkuta mtoni, akarudi mchana amelowa, anatetemeka na anacheka, hana samaki hata mmoja. Alikuwa na njaa. Akala wali wa shayiri uliopoa, umemiminiwa maji ya kisima, tena akala tikiti zima. Nilimwambia, "Baba, tikiti baridi juu ya tumbo baridi?" Akasema, "Nani mganga hapa?"

Nilikuwa barazani na sanda. Nikasikia kijiko kimeanguka. Alikuwa amejishika kifua, uso una rangi ya majivu, jasho linamtoka na mikono ni baridi mpaka kwenye viwiko. Alifungua mdomo na hewa haikuingia. Kisha akaanguka upande.

Mto ulikuwa umefunika daraja. Kwenda mjini kumwita daktari haikuwezekana.

Nilimpigia kelele Yeonsil. Akaja mbio na kibweta cha sindano, akakifungua, kisha akasimama kama aliyepigwa msumari.

"Wifi. Leo ni tarehe kumi na tano."

"Mchome!"

"Roho iko mwili mzima. Baba alisema hata mfalme hachomwi leo. Alinifokea kwa ajili ya goti tu, wifi, goti tu! Nikimchoma akafa?"

"Usipomchoma anakufa! Na huu ni mwezi usio na mwenyewe, hakuna anayetazama!"

Hakusogea. Na hapo, Baba akiwa anakoroma sakafuni, kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilisema moyoni: sasa ataona ni nani alistahili.

Kumtoboa kidole gumba mtu aliyevimbiwa si siri ya mtawa wala ya nani, kila bibi wa huku anafanya. Nikamsugua Baba mkono kutoka bega mpaka kiganjani, kusukuma damu chini. Nikakata uzi wa sanda nikaufunga kwenye gumba lake mpaka likawa la zambarau. Sindano ilikuwa mkononi mwangu, ile ile niliyokuwa nashonea, uzi mwingine bado umening'inia. Nikaweka ncha pembeni mwa ukucha. Mahali napajua. Nimepajua maisha yangu yote.

Na mkono ukakataa.

Ulitetemeka mpaka ncha ikamkwaruza ngozi. Nikaushika kwa mkono wa pili, nao ukatetemeka. Niliona kucha zake, zile kucha pana alizokuwa akinimenyea njugu za chestinati nikiwa mdogo, na sikuweza. Nilikuwa nalia, nasema, "Baba, Baba," kama mjinga.

Yeonsil akapiga magoti. Akanitoa sindano vidoleni, taratibu. Uzi ukachomoka wenyewe, maana haukuwa na fundo.

"Tazama pembeni, wifi," akasema.

Akachoma mara moja tu. Damu ilitoka nyeusi, ikadondoka kwenye katani. Gumba la pili. Kisha vidole vya miguu. Mkono wake ulikuwa imara kama siku ile ya boga, yaani mimi. Baba akakohoa, akajikunja, akatapika tikiti lote juu ya magoti ya mkwe wake, na hewa ikaingia kwa mlio.

Tulikaa pale tumemshika kila mmoja upande wake. Baada ya muda mrefu akafungua macho.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza.

"Kumi na tano, Baba," akasema Yeonsil, sasa ndiyo anaanza kulia.

"Mmenichoma?"

"Tumekuchoma."

"Kwa sindano ipi?"

Tukatazamana. "Ya sanda," nikasema.

Akafikiri. "Basi imenikataa," akasema, akalala.

Tarehe 17. Jua.

Baba anakunywa uji. Nimejaribu kufua damu kwenye katani. Imepauka lakini ipo. Mama Gurye anasema nguo ile ichomwe. Nimemwambia akachunge bata wake.

Tarehe 18. Jua. Nyenje wanapiga kelele miti yote.

Leo nimemwuliza. Nilikuwa namkanda miguu, hatutazamani, ndipo nikapata ujasiri. "Baba, ni kwa sababu mimi ni binti?"

Alikunja vidole vya miguu mikononi mwangu.

"Acha watu wadhani hivyo, ni vizuri," akasema. "Mama yako alipobanwa kifua, ile baridi ya vita, nilikuwa kando yake na sindano zote. Nilikuwa nimeshachoma watu elfu. Mkono huu haujawahi kutetemeka, uliza wilaya nzima. Siku ile nilichoma godoro. Nikajaribu tena, nikachoma shuka. Mpaka nilipoupata mkono wangu, yeye alikuwa ameshakwenda." Akavuta pumzi. "Wewe ni mimi mtupu. Ulikuwa unalia nikimchoma paka. Nilijua siku moja atakayelala hapa chini ni mimi. Nikatafuta mkono ambao hautatetemeka juu yangu. Mkono wa mtu wa mbali."

Nililia, na nilikuwa na furaha. Siku zote nilidhani nimenyimwa kwa kuwa si kitu, kumbe nimenyimwa kwa kuwa mimi ni kila kitu. Jioni nilikula mabakuli mawili.

Lakini niliposimama kupeleka beseni nilimkuta Yeonsil nyuma ya mlango wa karatasi, na bakuli la maji ya ukoko wa wali mikononi, limepoa. Amesimama pale pale nilipokuwa nikilala mimi utotoni. Akaliweka bakuli chini, akaenda jikoni, nikamwona anapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Mtu wa mbali. Msichana aliyejitoboa miguu kwa ajili ya nyumba hii, akatapikiwa, akanifichia aibu yangu, na kumbe amechaguliwa kwa sababu hapendi vya kutosha. Leo mwenye kuona wivu si mimi. Nilidhani siku hii ingekuwa tamu zaidi.

Tarehe 21.

Yeonsil hacheki. Hakuna aliyeniambia kwamba nitakikosa kicheko chake.

Tarehe 25. Jua.

Nimempelekea mkono mmoja wa sanda, ule wa kushoto. "Shona," nikasema. Akaketi, akatunga uzi, na jambo la kwanza akapiga fundo.

"Huko Jangsu mnazikaje watu? Toa hilo fundo!"

"Wifi, utaniua kwa makelele." Lakini midomo yake ilitaka kucheka. Mishono yake ni mibaya, kila mmoja na urefu wake. Baba atakwenda kuzimu na mkono mmoja wa fundi na mmoja wa mwendawazimu.

Mwezi wa saba, tarehe 5. Jua, upepo mdogo.

Roho iko mdomoni, kwa hiyo sikusema mengi. Nilikaa mbele ya Yeonsil, nikanyoosha mkono wangu juu ya mto wa wagonjwa.

"Nina donge kooni," nikasema. "Tangu mwezi wa tano. Nitolee."

"Nimwite Baba?"

"Nimekuja kwako."

Akanishika kiganja, akapapasa lile bonde kati ya gumba na kidole cha shahada. Akatoa sindano nyembamba kuliko zote. Akaniangalia usoni, akaangalia chini. Aliweka ncha, akaiondoa. Akapangusa vidole kwenye sketi, akaweka tena.

"Vipi?" nikamwuliza. "Mgumu kuliko boga?"

Baba alikuwa kwenye baraza, sikio limeelekea kwetu, na nadhani alisikia kabla yangu. Sindano ilikuwa inagonga ukucha wake, tik, tik, tik, kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa ukitetemeka.